Saa 8,765 za Mgonjwa: Daftari la Nyumbani Mbele ya Ugonjwa wa Kutetemeka

Katika mabaraza ya Bagamoyo, baada ya swala ya Alasiri, kahawa humiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Kikombe cha namna hiyo hakifichi siri. Kiganja kikitikisika kidogo tu, kila aliyekaa barazani huona. Mzee ambaye jana alikipokea kikombe kwa mkono wake wa kulia, na leo anaomba kiwekwe chini kwanza, mara nyingi hapati wa kumwuliza kinachomsibu. Hupata wa kumnong'ona. Mmoja atasema ni uzee. Wa pili atasema ametupiwa kitu. Wa tatu ataapa kuwa ni jini. Naye mzee, kwa kuona haya, ataanza kulikosa baraza, kisha ataikosa swala ya jamaa, na mwisho atajifungia ndani.

Makala yetu ya wiki hii inamhusu mzee huyo na watu wa nyumba yake. Tumeona tuseme habari za ugonjwa wa Parkinson, na hasa habari za wagonjwa ambao, kwa vyombo walivyojitengenezea wenyewe, wamejifunza kuupima ugonjwa wao saa kwa saa. Tumeiandika kwa kuamini kwamba jambo hilo linawezekana Kaole, Mlingotini, Mapinga na Bunju kama linavyowezekana Ulaya, kwa kuwa vifaa vyake vingi vimo jikoni na katika mkoba wa mwanafunzi.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Jina la ugonjwa huu limetokana na James Parkinson, tabibu wa London aliyeandika kijitabu kuuhusu mwaka 1817. Lakini watu hawakungoja mwaka huo ndipo wauchunguze mtetemo. Karibu karne nane kabla yake, Ibn Sina aliijadili ra'sha, yaani mtetemo, katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun. Kwa hiyo kuutazama mkono unaotetemeka kama suala la mwili, lenye sababu na lenye matibabu, si ugeni katika elimu ya Waislamu.

Ndani kabisa ya ubongo mna chembe hai zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo huusaidia ubongo kuongoza mwendo wa viungo. Katika ugonjwa huu chembe hizo hufa kidogo kidogo. Dalili zinapoonekana kwa macho, sehemu kubwa ya chembe hizo imekwisha kupotea. Mkono hutetemeka, hasa ukiwa umepumzika mapajani. Misuli hukakamaa. Mwendo huwa mzito, na mtu huburuta mguu. Wako wasiotetemeka kabisa, na hao ndio wanaochelewa zaidi kutambuliwa. Tena ziko dalili nyingine ambazo watu wa nyumbani huzipuuza: mwandiko unaozidi kuwa mdogo, sauti inayofifia, pua isiyosikia harufu ya mchuzi, choo kigumu, na usingizi wenye mikiki na kelele.

Ugonjwa huu si wa kuambukiza. Haujapatiwa dawa ya kuuondoa, lakini upo uwezo wa kuzipunguza dalili zake kwa miaka mingi. Wala si alama ya udhaifu wa imani. Wazee wetu wanakumbuka kwamba bondia Muhammad Ali alifika Dar es Salaam mwezi Februari 1980. Miaka minne baadaye, 1984, aliambiwa kuwa ana ugonjwa huu. Mwaka 1996 huko Atlanta aliuwasha mwenge wa Olimpiki kwa mkono unaotetemeka, dunia nzima ikimtazama, na aliishi hadi tarehe 3 Juni 2016. Ikiwa mkono uliowaangusha mabingwa ulitetemeka, hakuna sababu ya mzee wa Bagamoyo kuuficha wake ndani ya mfuko wa kanzu.

WALIO MIONGONI MWETU

Wako wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. Watafiti wakiongozwa na madaktari Richard Walker na Catherine Dotchin walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, katikati ya miaka ya 2000. Katika wakazi 161,071 waliwapata watu 33 wenye ugonjwa huu, na walio wengi kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Walikuwa wakiishi nao, wakianguka nao, wakihesabiwa kuwa wazee tu.

Nchini Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Hannington Kabugo, ambaye mama yake mzazi aliugua, imejiita Parkinson's Si Buko. Jina hilo lenyewe ni hoja. Buko, katika imani ya Kiganda, ni mtetemo unaosemekana kumpata mtu aliyevunja mwiko wa heshima baina ya mkwe na mkwe. Jumuiya ikaona kwamba kabla ya kuzungumza habari za dawa, ni lazima kwanza mgonjwa aondolewe tuhuma. Nasi huku pwani tuna tuhuma zetu, na zinamchelewesha mgonjwa kufika hospitali kwa miaka.

DAWA HUPANDA, DAWA HUSHUKA

Dawa kuu ya ugonjwa huu ni levodopa, ambayo hutolewa pamoja na dawa mwenzake kama kabidopa. Ikifika katika ubongo hugeuka kuwa dopamini. Mwanzoni mgonjwa humeza na siku nzima hupita salama. Miaka ikisonga, hali hubadilika: dawa huanza kufanya kazi baada ya nusu saa au saa moja, humpa mgonjwa saa chache za uhuru, kisha humwacha. Mtu yule yule aliyetembea vizuri hadi sokoni saa nne asubuhi, saa sita mchana hawezi kuinuka kitini. Jirani asiyejua husema anajisingizia. Kumbe hajisingizii, dawa imeshuka.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Mgonjwa wa Bagamoyo anayekwenda hospitali kubwa ya Dar es Salaam huondoka gizani, husafiri kilomita 70 hivi, husubiri zamu yake, kisha hukaa mbele ya daktari dakika chache. Akiingia wakati dawa imepanda, daktari humwona mzima. Akiingia wakati imeshuka, humwona hajiwezi. Daktari hana kosa. Ameonyeshwa picha moja ya siku ndefu, na kwa picha hiyo moja anatakiwa aamue kipimo cha miezi kadhaa ijayo. Mgonjwa akiulizwa, "Umekuwaje tangu tulipoonana?" hujibu kama tunavyojibu sote kwa adabu: "Alhamdulillah, sijambo." Jibu hilo ni zuri kwa mja mbele ya Mola wake, lakini halimpi tabibu cha kushika.

MGONJWA ALIYEHESABU SAA ZAKE

Mwanamke mmoja wa Sweden, Sara Riggare, mhandisi aliyeanza kuona dalili za ugonjwa huu akiwa bado msichana, alikaa akapiga hesabu. Kwa mwaka mzima alikuwa akionana na daktari wake bingwa kwa muda wa saa 1 tu. Saa nyingine 8,765 za mwaka alikuwa peke yake na ugonjwa wake. Akajiuliza ni nani anayeziangalia saa hizo zote, na akaona kwamba ni yeye mwenyewe.

Basi akaanza kujipima. Kwa programu ya simu aligonga kwa vidole alama mbili kwenye kioo, moja baada ya nyingine, mara kadhaa kwa siku, akaandika na saa alizomeza dawa. Namba zile zilimwonyesha ni wakati gani wa siku dawa inamwacha, naye akawa na cha kuzungumza na daktari wake. Aliliendeleza jambo hilo hadi likawa utafiti, na mwaka 2022 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, kwa kazi iliyohusu mgonjwa kuuchunguza ugonjwa wake mwenyewe kwa njia za kisayansi.

Huko Marekani nako, mwaka 2015 ilitolewa programu ya simu iitwayo mPower. Iliwataka wagonjwa wagonge kioo kwa vidole viwili, watamke "aaa" kwa pumzi moja, na watembee hatua chache huku simu ikiwa mfukoni. Ukiyatazama majaribio hayo kwa makini, utaona kuwa simu ndiyo ngeni, bali jaribio lenyewe ni la kawaida: kidole, sauti na mguu.

Tena lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Katika utafiti mkubwa wa dawa za ugonjwa huu duniani, kipimo kinachotegemewa sana ni karatasi na kalamu. Mwaka 2000 daktari Robert Hauser wa Marekani na wenzake walichapisha shajara ya nyumbani ambamo mgonjwa hutia alama kila nusu saa: amelala, dawa imeshuka, dawa imepanda, au imepanda lakini mwili unajinyonganyonga bila hiari yake. Kwa hiyo mwenye daftari la shilingi chache asijione maskini wa elimu. Anashika chombo cha jamii ile ile wanayoishika watafiti.

VIFAA VILIVYOMO NYUMBANI

Tuseme sasa jinsi familia inavyoweza kulifanya hili, kwa vitu ambavyo hakuna nyumba inayovikosa.

La kwanza ni daftari. Kila siku ipewe ukurasa wake, wenye safu nne: saa, dawa, chakula, na hali. Nyakati za kuandika tunazo tayari, kwa kuwa adhana hutuita mara tano. Huku kwetu karibu na ikweta nyakati za swala hazipishani sana mwaka mzima, hivyo ni vituo vizuri vya kuikagua hali ya mgonjwa. Lakini dawa yenyewe imezwe kwa saa ya ukutani, kama daktari alivyoagiza. Katika safu ya hali yatosha herufi moja: L kwa aliyelala, Z kwa aliye mzito, H kwa aliye huru, na M kwa aliye huru lakini mwili unacheza bila hiari.

La pili ni sinia na sarafu mbili. Sarafu ziwekwe juu ya sinia, shibiri moja baina yao. Mgonjwa aziguse kwa kidole kimoja, hii kisha ile, kwa muda wa sekunde 20. Mjukuu ashike saa na kuhesabu. Idadi iandikwe, mkono wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake. Hili ni jaribio la Bibi Riggare, ila sinia imekuwa badala ya kioo cha simu.

La tatu ni mchoro wa konokono. Mgonjwa achore mstari unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, kwa kalamu ile ile, kisha tarehe na saa ziandikwe pembeni. Madaktari hulitumia jaribio hili, na michoro ya wiki moja ikipangwa mezani husema mengi bila maneno.

La nne ni sauti. Kwa simu yenye kinasa sauti, mgonjwa asome Suratul Fatiha mara moja kwa siku, simu ikiwa umbali ule ule. Maneno ni yale yale, urefu ni ule ule. Kinachobadilika ni sauti yake. Kwa mzee aliyekuwa akiadhini, na ambaye watu wameanza kumwambia kuwa hasikiki, kipimo hiki kina uzito wa pekee.

La tano ni kikopo na punje za choroko. Kila mguu unapoganda, kama kwamba umegandishwa sakafuni, punje moja itiwe kikoponi. Akianguka, itiwe punje ya mahindi. Usiku zihesabiwe na ziandikwe.

DAFTARI LINAVYOSEMA

Tuchukue mfano, ili jambo lieleweke. Tuseme mzee humeza dawa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Daftari la siku saba linaonyesha kuwa saa 2 asubuhi anagusa sarafu mara 40, lakini saa 5 anagusa mara 20 tu, na herufi ni Z hadi baada ya Adhuhuri. Daktari akiuona ukurasa huo anatambua kwamba dawa ya asubuhi haifiki mchana, na ana njia kadhaa za kulitengeneza hilo.

Au tuseme dawa ya mchana haifanyi kazi kila siku. Jumatatu inapanda, Jumanne haipandi. Safu ya chakula ikitazamwa, inaonekana kuwa Jumanne alimeza dawa pamoja na wali, samaki na maharage. Samaki, nyama na maharage yana protini, na protini hushindana na levodopa katika kupita kwenye utumbo na kuingia katika ubongo. Ndiyo maana wagonjwa wengi huelekezwa kumeza dawa nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya kula. Sisi watu wa pwani, ambao mlo bila samaki tunauhesabu kuwa pungufu, hatuna haja ya kumwacha samaki; tuna haja ya kujua saa ya kumla.

Daftari liandikwe pia dawa nyingine zote anazotumia mgonjwa, pamoja na za miti shamba. Baadhi ya dawa za kutuliza akili, na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, huweza kuleta mtetemo na kukakamaa, au kuuzidisha ugonjwa uliokuwapo. Mzee aliyepewa dawa ya namna hiyo kwa kudhaniwa amerukwa na akili huzidi kuharibikiwa, na ushahidi pekee huwa ni tarehe: alianza lini dawa, na alianza lini kukakamaa.

Kupima husaidia pia kujua kama mazoezi yanafaa. Katika wilaya ile ile ya Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwachukua wagonjwa ambao hawajawahi kutumia dawa yoyote ya ugonjwa huu, wakafunzwa kutembea kwa kufuata mapigo ya sauti, na mwendo wao ukawa bora. Nyumbani mapigo hayo yanaweza kuwa makofi ya mtoto, au dufu likipigwa polepole. Pimeni sekunde anazotumia kutoka mlango wa mbele hadi uani bila mapigo, kisha kwa mapigo, na mtu awe ubavuni pake asije akaanguka.

SWALA NA RAMADHANI

Wasomaji watauliza habari za ibada. Hadithi ya Imran bin Huswayn (R.A.) inajulikana: asiyeweza kusimama ataswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa ataswali kwa ubavu. Daftari humsaidia mgonjwa kujua lini ataweza kusimama na lini kiti kimngoje, badala ya kuanguka katika rukuu mbele ya watu na kuapa kutorudi msikitini.

Ramadhani inataka uangalifu zaidi. Dawa inayomezwa kila baada ya saa chache haiwezi kurukwa tu mchana kutwa. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kwa hatari. Basi daftari lipelekwe kwa daktari tangu Rajab au Shaaban, kisha jawabu lake lipelekwe kwa sheikh mwenye elimu. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na mwenye kuipokea ruhusa ya Mola wake hajapungukiwa na kitu.

DAFTARI NI AMANA

Tunatoa tahadhari tatu. Kwanza, daftari halimfanyi mtu kuwa daktari; mgonjwa asiongeze wala asipunguze kipimo kwa kujiamulia. Pili, kujipima kila saa, mwaka mzima, huweza kumtia mtu wasiwasi na kumfanya auone mwili wake kama adui. Kwa wengi wiki moja au mbili kabla ya kliniki zinatosha. Tatu, daftari lina siri za mtu. Mjukuu anayehesabu sarafu afundishwe kuwa anayoyaona hayasimuliwi barazani.

Ndani ya amana hiyo mna manufaa ambayo hatukuyataja bado. Mzee anayehesabiwa sarafu na mjukuu wake ana mtu wa kukaa naye kila siku. Mtoto anayeandika saa ya dawa ya babu anajifunza kwamba babu hana jini, ana ugonjwa wenye jina. Na mke au binti, ambaye aghalabu ndiye anayezibeba saa zile 8,765 bila mtu kumwuliza, siku ya kliniki huingia akiwa na hoja mkononi, naye husikilizwa.

Basi msomaji wetu, ukiona leo barazani kikombe kinatikisika, usinong'one. Mpokee mwenzako kikombe, umsogezee kiti, na kesho mpelekee mwanawe daftari na kalamu, umweleze la kufanya. Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza kutafuta tiba, na kutafuta huanza kwa kuangalia. Tunamwomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie tuwe majirani wanaofaa. Amin.